Namba tasa yenye tarakimu milioni 41: Inamhusu nini mwenye simu kijijini?

Oktoba 21, 2024, kundi la wapenda hesabu wanaoshirikiana kupitia intaneti lilitangaza kwamba imepatikana namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana duniani. Ni namba moja tu, lakini ukiiandika yote inakuwa na tarakimu 41,024,320 zinazofuatana.

Tuseme mtangazaji wetu ameamua kukusomea namba hiyo hewani, tarakimu moja kila sekunde, bila kulala, bila kunywa maji na bila kukatizwa na taarifa ya habari. Angemaliza baada ya siku 474 na ushee, yaani mwaka mzima na zaidi ya miezi mitatu. Na kama ungetaka kutumiwa kwa ujumbe mfupi wa herufi 160, ungepokea SMS 256,402.

Habari ya namna hii ikipita redioni, wengi hutabasamu kidogo kisha wakasubiri bei za mazao. Si kosa lao. Lakini kila rekodi kama hii inapotangazwa huambatana na maelezo kwamba namba tasa ndizo zinazolinda siri na fedha zetu kwenye simu na kompyuta. Kwa hiyo mwenye simu ana haki ya kuuliza: Je, namba hii mpya inanilinda? Na kama hainilindi, kwa nini watu wanatumia fedha na umeme mwingi kuitafuta?

Jibu fupi la swali la kwanza ni hapana. Jibu refu lina faida zaidi, kwa sababu linaonyesha kufuli ya simu yako inafungwa kwa kitu gani, na wezi hupitia wapi.

Nyanya 12 na nyanya 13

Muuza nyanya sokoni anaifahamu namba tasa hata kama hajawahi kuisikia kwa jina hilo. Akiwa na nyanya 12, anaweza kuzipanga mafungu ya mbili mbili, tatu tatu, nne nne au sita sita, na hakuna inayobaki. Akiwa na nyanya 13, mambo yanakwama. Akipanga mbili mbili, inabaki moja. Tatu tatu, inabaki moja. Nne nne, inabaki moja. Tano tano, zinabaki tatu. Sita sita, inabaki moja. Ama aziuze moja moja, ama aziweke zote kwenye fungu moja.

Hiyo ndiyo namba tasa: namba kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Zinaanza hivi: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23 na kuendelea.

Jina "tasa" linaweza kumpotosha mtu akadhani hizi ni namba zisizozaa. Ukweli ni kinyume chake. Namba tasa ndizo wazazi wa namba nyingine zote. Namba 12 ni 2 × 2 × 3. Namba 100 ni 2 × 2 × 5 × 5. Hata mwaka wenyewe, 2024, ni 2 × 2 × 2 × 11 × 23. Kila namba nzima kubwa kuliko 1 ama ni tasa, ama imejengwa kwa kuzidisha namba tasa, na matofali yake ni yale yale daima, hata ukibadilisha mpangilio.

Je, namba tasa zina mwisho? Hapana. Mgiriki Euclid alilithibitisha hilo miaka kama 2,300 iliyopita. Hoja yake ni rahisi. Chukua orodha yoyote ya namba tasa, zizidishe zote pamoja, kisha ongeza 1. Namba unayopata, ukiigawanya kwa yoyote kati ya zile za kwenye orodha, itabaki 1. Kwa hiyo ama yenyewe ni tasa mpya, ama imejengwa kwa namba tasa ambazo hazikuwa kwenye orodha yako. Orodha haiwezi kukamilika kamwe.

Ndiyo maana tunasema "kubwa kuliko zote zinazojulikana". Kubwa kuliko zote haipo.

Mbili zinazozidishwa mara milioni 136

Namba ya Oktoba 2024 haikuokotwa ovyo. Inatoka katika ukoo maalumu. Anza na 2, kisha zidisha kwa 2 kila mara: 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128. Sasa toa 1 katika kila moja: 1, 3, 7, 15, 31, 63, 127. Utaona kwamba 3, 7, 31 na 127 ni namba tasa. Lakini 15 ni 3 × 5, na 63 ni 7 × 9, kwa hiyo hizo si tasa.

Namba mpya inapatikana kwa njia hiyo hiyo. Chukua mbili 136,279,841, zizidishe zote pamoja, kisha toa 1. Hayo ndiyo maelezo yake yote. Namba inayojaza maelfu ya kurasa inatajwa kikamilifu kwa sentensi moja.

Ukoo huu unaitwa namba za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa Mfaransa aliyeishi kati ya 1588 na 1648. Mwaka 1644 alichapisha orodha ya zile alizoamini kuwa ni tasa. Baadaye ilibainika kuwa orodha ilikuwa na makosa: mbili kati ya alizoziweka hazikuwa tasa, na tatu alizoziacha zilikuwa tasa. Hata hivyo jina lake limebaki. Hii mpya ni namba tasa ya Mersenne ya 52 kujulikana.

Namba hizi zina tabia za kuvutia, na nyingine unaweza kuzikagua mwenyewe bila kuiona namba nzima. Tazama tarakimu ya mwisho unapozidisha kwa 2: 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256. Miisho inajirudia: 2, 4, 8, 6, kisha 2, 4, 8, 6 tena. Sasa gawanya 136,279,841 kwa 4, inabaki 1. Maana yake tumesimama kwenye mwanzo wa mzunguko, penye 2. Toa 1, unapata 1. Kwa hiyo namba yenye tarakimu milioni 41 inaishia na 1, na umeijua tarakimu hiyo kwa kalamu na karatasi.

Tabia nyingine iliwashangaza Wagiriki wa kale. Vigawo vya 6, ukiacha 6 yenyewe, ni 1, 2 na 3, na ukivijumlisha unapata 6. Vigawo vya 28, ukiacha 28 yenyewe, ni 1, 2, 4, 7 na 14, navyo jumla yake ni 28. Namba kama hizi huitwa kamilifu, na kila namba tasa ya Mersenne huzaa moja: 3 imeizaa 6, na 7 imeizaa 28. Kwa hiyo ugunduzi wa 2024 ulileta namba mbili kwa mpigo: tasa mpya na kamilifu mpya.

Wanajuaje kuwa kweli ni tasa?

Hili ni swali la haki. Hakuna kompyuta iliyojaribu kuigawanya kwa namba moja baada ya nyingine. Uhai wa dunia usingetosha kwa kazi hiyo.

Kuna njia ya mkato iliyoanzishwa na Mfaransa Édouard Lucas katika karne ya 19 na kuboreshwa na Mmarekani Derrick Henry Lehmer mwaka 1930. Tuijaribu kwa 31, ambayo ni mbili tano zilizozidishwa pamoja, kisha ukatoa 1. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2: unapata 14. Rudia: 14 × 14 ni 196, toa 2, unapata 194. Gawanya 194 kwa 31 na uchukue baki tu: ni 8. Rudia: 8 × 8 ni 64, toa 2, unapata 62. Gawanya 62 kwa 31: haibaki kitu. Baki likiwa sifuri kwenye hatua ya mwisho, namba ni tasa. Kwa 31 hatua ni tatu, yaani 5 ukitoa 2.

Ukifanya vivyo hivyo kwa 2,047, inayotokana na mbili 11, baada ya hatua tisa baki ni 1,736. Si sifuri, kwa hiyo 2,047 si tasa. Na kweli, ni 23 × 89.

Kwa namba mpya, hatua ni 136,279,839, na katika kila hatua kompyuta inazidisha kwa yenyewe namba yenye mamilioni ya tarakimu. Kosa dogo popote linaharibu kila kitu. Ndiyo maana kabla ya kutangaza, wahusika waliirudia hesabu kwa programu na mashine tofauti hadi zote zikatoa jibu moja.

Kutoka kompyuta ya kanisani hadi chipu za akili mnemba

Anayetajwa kuwa mgunduzi ni Luke Durant, mtafiti wa San Jose, California, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya chipu ya Nvidia. Alikuwa na umri wa miaka 36. Alifanya kazi ndani ya mradi wa GIMPS, yaani utafutaji mkuu wa namba tasa za Mersenne kupitia intaneti, ulioanzishwa mwaka 1996 na George Woltman.

Mradi huo ulijengwa juu ya wazo la harambee. Yeyote mwenye kompyuta aliweza kupakua programu bure, na kompyuta yake ikapewa namba moja ya kuchunguza wakati haina kazi nyingine. Wengi walifanya kazi kwa miaka bila kupata kitu. Mara moja moja bahati ilimwangukia mmoja. Desemba 2017 ilimwangukia Jonathan Pace wa Tennessee, Marekani, mhandisi na shemasi aliyekuwa akiendesha programu hiyo kwenye kompyuta za kanisa lake. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2018, ikapatikana nyingine yenye tarakimu 24,862,048, nayo kwa kompyuta ya kawaida. Rekodi hiyo ilidumu karibu miaka sita.

Durant alikwenda kwa njia nyingine. Alikodi uwezo wa mashine katika vituo vya data vya nchi 17, akilipa kwa fedha zake. Mashine hizo zinatumia chipu zilizobuniwa kwanza kuchora picha za michezo ya kompyuta, na ambazo leo ndizo zinazoendesha akili mnemba. Oktoba 11, 2024, chipu moja iliyoko Dublin, Ireland, ilitoa ishara kwamba huenda namba hii ni tasa. Siku iliyofuata, nyingine iliyoko San Antonio, Texas, ikathibitisha kwa kipimo cha Lucas na Lehmer.

Zawadi ya mradi ni dola 3,000, na Durant alisema ataitoa kwa idara ya hisabati ya shule ya sekondari aliyosoma huko Alabama. Hakufuata fedha, kwa kuwa zawadi hiyo haiwezi hata kugharamia kodi ya mashine alizotumia.

Hapa ndipo lilipo badiliko ambalo halikusemwa sana siku ile. Kwa miaka 28, rekodi hizi za Mersenne zilikuwa za kompyuta za mezani. Mwalimu au shemasi mwenye kompyuta moja na subira alikuwa na nafasi yake katika mstari. Sasa mstari unasogea kwa anayeweza kukodi maelfu ya chipu. Watu wa kawaida bado wanakaribishwa, lakini bahati yao imepungua. Ni jambo lile lile tunaloliona katika akili mnemba: anayemiliki mashine ndiye anayetangulia, na mashine nyingi haziko kwetu.

Basi namba hii inailinda simu yangu?

Turudi kwenye swali la mwanzo. Zidisha 89 kwa 97 kwenye simu yako. Jibu linakuja mara moja: 8,633. Sasa mpe jirani yako namba 8,633 peke yake na umwambie atafute namba mbili tasa zilizoizaa. Atahangaika kwa muda.

Kuzidisha ni rahisi. Kurudi nyuma ni kazi. Kadiri namba zinavyokuwa kubwa, ndivyo tofauti inavyokuwa kubwa. Mwaka 1876 Lucas alionyesha kwamba namba ya Mersenne ya mbili 67, yenye tarakimu 21, si tasa. Lakini hakuweza kusema vigawo vyake ni vipi. Ikabidi dunia ingoje hadi 1903, Mmarekani Frank Nelson Cole alipoandika ubaoni, mbele ya wanahisabati wenzake, kwamba 193,707,721 × 761,838,257,287 ni sawa na 147,573,952,589,676,412,927. Inasimuliwa kuwa hakutamka neno hata moja, na kwamba kazi ile ilimchukua Jumapili za miaka mitatu. Waliokuwa ukumbini waliweza kuikagua kwa dakika chache.

Mwaka 1977, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walieleza jinsi ya kuigeuza tofauti hiyo kuwa kufuli. Njia yao inaitwa RSA. Mwingereza Clifford Cocks alikuwa ameigundua mwaka 1973 akiwa katika idara ya ujasusi ya nchi yake, lakini ilifichwa kwa zaidi ya miaka 20.

Fikiria duka linalogawa kufuli zilizo wazi kwa kila mtu. Mteja yeyote anaweza kuweka barua yake kwenye sanduku na kuibana kufuli. Lakini ufunguo anao mwenye duka peke yake. Katika RSA, kufuli ni namba kubwa iliyo wazi kwa wote. Ufunguo unatokana na namba mbili tasa zilizoizaa, ambazo mwenye kufuli hamwonyeshi mtu. Tovuti ya benki, kwa mfano, inaweza kutumia kufuli yenye tarakimu 617, iliyozaliwa na namba mbili tasa za siri zenye tarakimu kama 309 kila moja.

Sasa utaona kwa nini namba ya Oktoba 2024 haifai kwa kazi hiyo. Kwanza, kila mtu anaijua. Kuitumia kama siri ni kama kufunga nyumba kisha kuuning'iniza ufunguo kwenye mti wa mkutano wa kijiji. Namba tasa za Mersenne zinazojulikana ni 52 tu. Mwizi angezijaribu zote kwa muda mfupi. Pili, ni nzito mno kwa simu yoyote.

Namba zinazofaa ni ndogo zaidi, zenye tarakimu mia chache, na zinachaguliwa kwa kubahatisha. Hatuhofii kuishiwa. Miongoni mwa namba zenye tarakimu 309, kwa wastani moja katika kila 700 hivi ni tasa. Ni nyingi kiasi kwamba hakuna mwizi anayeweza kuziorodhesha.

RSA si njia pekee. WhatsApp hutumia namba tasa moja yenye tarakimu 77, inayopatikana kwa kuzidisha mbili 255 pamoja kisha kutoa 19. Namba hiyo haifichwi. Ni uwanja ambamo hesabu inafanyika, na siri ni hatua zilizopigwa ndani ya uwanja huo. Utaona inafanana na ukoo wa Mersenne. Si bahati tu: namba iliyo karibu na mbili zilizozidishwa hurahisisha hesabu kwa kompyuta.

Vipi simu ya kitochi, na menyu za kutuma pesa kwa nyota na reli? Hapo ulinzi unatumia njia nyingine, siri iliyohifadhiwa ndani ya laini yako na kwenye mtambo wa kampuni ya simu. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kila shilingi inayopita kwenye simu inalindwa na namba tasa, ametia chumvi.

Kufuli hizi huvunjika?

Ndiyo, zile ndogo. Mwaka 1977 wavumbuzi wa RSA walitoa namba ya tarakimu 129 kama chemshabongo kwa umma. Ilivunjwa mwaka 1994 na watu wa kujitolea waliounganisha kompyuta zao kwa intaneti. Mwaka 2020 watafiti walivunja namba ya tarakimu 250. Kazi ambayo kichakata kimoja cha kompyuta kingeifanya kwa takribani miaka 2,700. Kutoka hapo hadi tarakimu 617 bado ni mbali sana kwa mashine za leo.

Wasiwasi mkubwa uko kwenye kompyuta za aina mpya, za kwantamu. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba mashine kama hiyo, ikijengwa kubwa ya kutosha, itarudi nyuma kwenye kuzidisha bila shida, na kufuli za RSA zitafunguka. Mashine ya ukubwa huo haijaonyeshwa hadharani, lakini hakuna anayetaka kusubiri hadi siku hiyo. Agosti 2024, miezi miwili tu kabla ya habari ya Durant, Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya kwanza vya kufuli zisizotegemea ugumu huo wa kurudi nyuma. Kwa mwenye simu, tangazo lile la Agosti lina uzito kuliko rekodi ya Oktoba, ingawa halikuwa na namba ya kushangaza.

Kufuli hizo mpya zinaingia kwenye simu kupitia masasisho ya programu. Simu kuukuu isiyopokea tena masasisho itabaki na kufuli za zamani. Hilo ni la kukumbuka unapochagua simu ya mtumba.

Mwizi hapiti penye kufuli

Lakini tuseme ukweli. Anayekuibia kwenye simu hajui kugawanya namba ya tarakimu 617, wala hahitaji. Anapiga simu akijifanya ni wa huduma kwa wateja. Anatuma ujumbe kwamba ile pesa uitume kwenye namba nyingine. Anakuambia umeshinda zawadi, umtajie tarakimu zilizoingia sasa hivi kwenye simu yako. Namba yako ya siri ina tarakimu nne, na namba zote za tarakimu nne ni 10,000 tu. Nguvu yake haitokani na hesabu. Inatokana na wewe kutoitaja.

Kuna mambo matatu ya kukumbuka.

La kwanza, ile alama ya kufuli juu ya ukurasa wa intaneti inasema njia kati yako na ukurasa huo imefungwa. Haisemi kwamba aliye upande wa pili ni mwaminifu. Tapeli naye anaweza kuweka kufuli kwenye ukurasa wake. Soma jina la tovuti herufi kwa herufi.

La pili, namba ya siri na tarakimu za uthibitisho zinazoingia kwa SMS haziulizwi na mfanyakazi yeyote halali kwa njia ya simu. Anayeziuliza, kata.

La tatu, mradi wa GIMPS hautozi ada ya kujiunga, na programu yake ni ya kompyuta. Ni kweli kwamba shirika la Marekani la Electronic Frontier Foundation limeahidi dola 150,000 kwa namba tasa ya kwanza yenye tarakimu milioni 100. Lakini mtu akikuambia ulipe kiingilio ili simu yako "ichimbe namba tasa" na kukuletea faida, anachimba mfuko wako.

Faida ya kutafuta

Imebaki kwa nini watu wanatafuta. Utafutaji huu umezaa njia za haraka za kuzidisha namba kubwa. Pia programu hizi zinafanyisha kompyuta kazi nzito kiasi kwamba chipu yenye kasoro hujulikana mapema. Na kuna maswali ambayo hayajajibiwa na yeyote, kama vile iwapo namba tasa za Mersenne zina mwisho au la. Tunajua namba tasa hazina mwisho. Kwa ukoo huu mmoja, hakuna aliyethibitisha.

Cocks na wale wavumbuzi watatu wa RSA walipoziendea namba tasa, walikuta hesabu iliyokuwa imechunguzwa tangu enzi za Euclid na watu ambao hawakuwahi kuota simu. Hakuna aliyejua kwamba siku moja ingefunga barua za mamilioni ya watu.

Namba ya Oktoba 2024 haitakulinda. Uliyonayo ya kukulinda ni ile ya tarakimu nne, na ukishaitaja kwa sauti haina tena kazi. Ila mtoto wako wa darasa la tano akirudi nyumbani na zoezi la namba tasa, mwekee nyanya 13 mezani umwache azipange mafungu. Atakuwa anaanza pale pale walipoanzia wao.